Spika za Kusimama Sebuleni: Namna ya Kuchagua kwa Ajili ya Muziki na Sinema

Kila jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mji wa Ujiji huanza maisha yake ya usiku. Nyumba moja hupiga rumba, ya pili taarab, na katika ya tatu watoto wa mtaa hujazana sebuleni kutazama sinema. Jambo moja hujitokeza mara kwa mara: besi hutikisa bati la jirani, ilhali walioketi mbele ya televisheni huulizana, "Amesema nini?" Mwenye nyumba ametumia akiba ya miezi mingi, naye amepata kishindo badala ya sauti.

Kosa la namna hiyo huwa ghali zaidi katika mji ulio mbali na bandari. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Sanduku la kilo 20 lililokwisha kufika Ujiji halirudishwi Kariakoo kwa urahisi. Kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue kabla ya kulipa ni kitu gani anachokinunua. Elimu inayohitajika si ngumu. Sehemu kubwa yake imo katika masomo ya fizikia ya shule ya sekondari.

Spika hufanyaje kazi?

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, nayo hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Waya mnene wa gitaa la besi, unaopigwa bila kubanwa, hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti ya msingi ya mwanamume anayezungumza huwa karibu na hezi 100 au zaidi kidogo, na ya mwanamke karibu na 200. Lakini konsonanti kama s, f, t na sh, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, hutegemea sana marudio ya hezi 2,000 na kuendelea.

Ndani ya spika mna koili ya waya iliyowekwa katika uwanja wa sumaku na kuunganishwa na karatasi yenye umbo la pia. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, sumaku huisukuma mbele na nyuma, na karatasi husukuma hewa. Spika ya aina hii ilielezwa kitaalamu na Chester Rice na Edward Kellogg nchini Marekani mwaka 1925, na msingi wake haujabadilika hadi leo.

Karatasi moja haiwezi kufanya kila kazi vizuri. Sauti nzito zahitaji karatasi pana inayosukuma hewa nyingi. Sauti nyembamba zahitaji kitu chepesi kinachoweza kutetema upesi. Ndiyo sababu spika nzuri huwa na karatasi ya besi, na juu yake twita ndogo. Kati yao pana saketi inayogawa umeme, ili kila moja ipate sehemu inayoistahili.

Kwa nini sanduku, na kwa nini refu?

Karatasi inapokwenda mbele, hewa ya mbele hubanwa na ya nyuma hupanuka. Mawimbi hayo mawili yakikutana, huuana. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa spika iliyong'olewa katika redio mbovu. Ikipigwa mkononi, sauti yake huwa nyembamba kama ya nyuki. Ikishikizwa nyuma ya ubao mpana wenye tundu, besi hutokea papo hapo, maana ubao umeyatenga mawimbi ya nyuma na ya mbele. Sanduku ni ubao huo uliokunjwa.

Masanduku mengi huwa pia na tundu lenye bomba. Kazi yake hueleweka kwa kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda: hewa ya shingoni huyumba juu ya hewa ya tumboni, na chupa huvuma kwa noti moja. Chupa ikitiwa maji kidogo, nafasi ya hewa hupungua na noti hupanda. Kibuyu cha zeze nacho huikuza sauti kwa msaada wa hewa iliyomo ndani yake. Mtengenezaji wa spika huchagua ukubwa wa sanduku na urefu wa bomba ili mvumo huo uisaidie karatasi pale inapoanza kuchoka, mathalani karibu na hezi 40. Hesabu za kulinganisha karatasi na sanduku ziliwekwa wazi na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961. Kabla ya hapo mafundi wengi walikuwa wakibahatisha.

Hapa pana kanuni moja isiyokwepeka. Watu hutaka sanduku dogo, besi nzito, na sauti kubwa kwa umeme mchache. Maumbile huruhusu mawili tu kati ya hayo matatu. Spika ya kusimama sakafuni, yenye kimo cha mita 1 hivi, huacha sharti la udogo na kuyapata mawili yaliyobaki. Aidha, haihitaji kununuliwa stendi, na nafasi inayoikalia sakafuni si kubwa kuliko ya stuli.

Wembamba wake usimtishe mnunuzi. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo. Kwa hiyo karatasi mbili za sentimeta 16 zina eneo sawa na karatasi moja ya sentimeta 23 hivi.

Wati za karatasini na wati za kweli

Katika maduka mengi macho ya mnunuzi huvutwa na tarakimu kubwa: wati 5,000, wati 8,000. Tarakimu hizo aghalabu hufuatwa na herufi PMPO, ambazo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. Zinaweza kupimwa kwa hesabu fupi. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 230, na plagi ya kawaida hulindwa na fyuzi ya ampia 13. Zao la 230 na 13 ni wati 2,990. Chombo kilichochomekwa hapo hakiwezi kutoa wati 8,000 kwa mfululizo, na sehemu ya umeme huo lazima igeuke joto.

Dawa ni kugeuza chombo na kusoma kibati cha nyuma. Ikiwa kibati cha sabufa kinasema kwamba hutumia wati 60, basi sauti yote inayotoka kwa mfululizo hutokana na wati zisizofika 60, hata kama karatasi ya mbele imeandikwa 5,000. Nishati haiumbwi na tangazo.

Ufanisi ni muhimu kuliko wati

Spika ya kusimama kwa kawaida haina amplifaya ndani yake. Wati zilizoandikwa juu yake ni uwezo wake wa kustahimili. Kipimo chenye faida zaidi ni ufanisi, yaani kiasi cha sauti kinachosikika umbali wa mita 1 spika inapopewa wati 1. Hupimwa kwa desibeli. Kila ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Kila desibeli 10 ni sawa na kuzidisha wati mara kumi.

Tuchukue spika mbili: ya kwanza ina desibeli 86, ya pili 92. Tofauti ni 6, yaani mara mbili ya mara mbili. Palipo na amplifaya ya wati 10 kwa spika ya pili, ya kwanza yahitaji wati 40 ili kusikika sawa. Kwa familia yenye fedha kidogo, au inayotumia umeme wa jua, spika yenye ufanisi mkubwa huondoa haja ya kununua amplifaya kubwa.

Lakini mtego upo. Viwanda vingine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8, volti hizo hutoa wati 1 kamili. Kwa spika ya omu 4 hutoa wati 2, na spika huonekana bora kwa desibeli 3 ambazo haikuzistahili. Vilevile spika ya omu 4 huvuta mkondo mkubwa zaidi, na amplifaya ya bei nafuu inaweza kupata moto. Asiyekuwa na hakika achague omu 8 au 6.

Muziki na sinema: spika ngapi?

Tangu miaka ya 1990 sinema nyingi hurekodiwa kwa njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni, na moja ya vishindo vizito. Maneno ya waigizaji huwekwa hasa katika njia ya mbele ya katikati. Hapa ndipo chanzo kimoja cha lile swali la "Amesema nini?" Amplifaya ikidhani kwamba spika ya katikati ipo, na kumbe haipo, maneno hupotea na vishindo hubaki. Tiba haina gharama. Katika mpangilio wa amplifaya au televisheni ielezwe kwamba spika ni mbili tu. Maneno yatagawanywa kwa zote mbili, na anayeketi katikati yao atayasikia kana kwamba yanatoka kwenye picha.

Kwa hiyo, fedha inayoweza kununua spika tano hafifu ni heri inunue mbili nzuri. Muziki wenyewe umerekodiwa kwa njia mbili, na rumba, taarab na kaswida hazihitaji zaidi. Baadaye, fedha ikipatikana, iongezwe spika ya katikati ya kiwanda kile kile, kwa faida ya wale wanaoketi pembeni. Sabufa ya vishindo iwe ya mwisho.

Chumba nacho ni sehemu ya spika

Katika joto la nyuzi 27, sauti husafiri mita 347 hivi kwa sekunde. Wimbi la hezi 43 lina urefu wa mita 8 hivi. Nusu yake ni mita 4. Sebule yenye urefu wa mita 4 kwa hiyo huvuma yenyewe karibu na hezi 43, jirani kabisa na ule waya mnene wa gitaa la besi. Anayeegemea ukuta wa nyuma husikia besi hiyo kupita kiasi. Anayeketi katikati kabisa huikosa. Kusogeza kiti nusu mita huweza kufaa kuliko kununua spika mpya. Spika yenyewe ikibanwa pembeni mwa kuta mbili, besi yake hufura na kuyafunika maneno. Ianzie nusu mita kutoka ukutani, kisha isogezwe kidogo kidogo hadi mwanamume anayesoma habari asikike kama mtu, si kama pipa.

Sakafu ya saruji na kuta za tofali hurudisha sauti nyembamba. Zulia, godoro na mito hupunguza mwangwi huo, na mkeka husaidia kidogo. Lakini besi havizuiwi na vitu hivyo. Paa la bati lisilo na dari hutetema pamoja na besi. Mvua za masika zinapolipiga bati hilo, inafaa sauti isipandishwe kushindana nazo. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti nyembamba nyingi zinazoiunguza twita.

Majaribio kabla ya kulipa

1. Sanduku ligongwe kwa kifundo cha kidole. Mlio mfupi na mkavu ni dalili njema; mlio wa debe ni dalili mbaya.

2. Spika iliyotumika ikaguliwe ukingo wa karatasi. Ukingo wa sponji huoza katika unyevu. Wa mpira hudumu zaidi. Karatasi isukumwe taratibu kwa vidole vilivyoenea. Ikikwaruza, koili imepinda.

3. Betri ya volti 1.5 iguswe kwa kitambo kifupi, chanya kwenye chanya. Karatasi za besi za spika zote mbili zisogee upande mmoja. Nyumbani, nyaya za spika moja zikigeuzwa, besi hufa.

4. Mnunuzi aje na rekodi anayoijua: mazungumzo, wimbo wenye besi, na sauti ya mwanamke. Spika zinazolinganishwa zipigwe kwa ukubwa ule ule wa sauti, kwa kuwa sikio hudanganyika na kudhani kwamba inayopiga kwa nguvu ndiyo nzuri.

Baada ya kununua, tundu la bomba lifunikwe kwa kipande cha chandarua, ili manyigu na mijusi wasifanye makazi.

Mwenye kufuata hatua hizi hatapata spika isiyo na kasoro, kwa sababu fedha kidogo haiinunui. Lakini atakuwa amechagua kasoro anayoweza kuishi nayo, na walioketi mbele ya televisheni watasikia yanayosemwa.

Maswali ya kujipima

(a) Sebule ina urefu wa mita 5. Itavuma karibu na hezi ngapi?

(b) Karatasi mbili za sentimeta 13 zina eneo sawa na karatasi moja yenye kipenyo gani?

(c) Spika ya desibeli 83 yahitaji wati mara ngapi zaidi ya ile ya desibeli 89 ili zisikike sawa?