Uso wa Kwanza wa Programu ya Kazini

Je, wajua kwamba uso ule unaojitokeza asubuhi mfanyakazi afunguapo programu ya ofisi yake, wenye safu ya majina upande wa kushoto, aikoni chache ukingoni, na tarakimu nyekundu zilizosimama kando ya baadhi ya majina, una nasaba ya nusu karne, na kwamba mengi yanayomtaabisha mgeni wa uso huo hufafanuliwa zaidi na elimu ya jicho na kumbukumbu za binadamu kuliko na elimu ya mashine? Aghalabu mtu huuchukulia kuwa kitu cha kupita tu ili aifikie kazi yake, akauacha vile vile alivyoupokea siku ya kwanza. Ilhali huupitia mara nyingi kwa siku, na kila apitapo akiwa hajui aelekee wapi hupoteza dakika na utulivu wa fikira, vitu viwili ambavyo ofisi haina njia ya kumrudishia. Naamini kwamba anayeufahamu uso huo ulikotoka na kanuni zinazouendesha hupunguziwa taabu ambayo hakustahili kuibeba, na kwa sababu hiyo naandika juu yake.

Kabla ya nyuso hizi kuwapo, aliyetaka kuitumikisha kompyuta alikabiliwa na kioo cheusi kilichongoja amri, na amri hizo, zisizovumilia kosa la herufi moja, zilimbidi azihifadhi kichwani. Mwaka 1975 David Canfield Smith, aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza katika tasnifu yake fikira ya kuweka mbele ya macho vijipicha vinavyosimama badala ya vitu na vitendo, ambavyo ndizo aikoni tunazozibonyeza leo. Baadaye alijiunga na kampuni ya Xerox, akawa miongoni mwa waliobuni Star, mashine iliyotolewa sokoni mwaka 1981 kwa bei ya zaidi ya dola 16,000, ambayo kioo chake kilionyesha mfano wa meza ya karani: hati, majalada, kikapu cha barua zinazoingia na kikapu cha barua zinazotoka. Kwa kuwa ilikuwa ghali kiasi hicho, Star haikuenea. Lakini hekima yake, kwamba ni wepesi zaidi kwa mwanadamu kukiona kitu na kukielekezea mkono kuliko kulikumbuka jina lake na kuliandika, ilichukuliwa na Apple katika Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984, na tangu hapo haikuachwa.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nitashika mfano mmoja wa programu za kazini zilizo mashuhuri, nao ni Slack. Stewart Butterfield na wenzake wa kampuni ya Tiny Speck walikuwa wakitengeneza mchezo wa mtandaoni ulioitwa Glitch, ambao haukupata wachezaji wa kuutosha, ukafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Lakini chombo walichokuwa wamejiundia cha kuzungumzia kazi zao, kwa kuwa walikaa miji mbalimbali, kilibaki mikononi mwao, na kikadhihirika kuwa na thamani kuliko mchezo wenyewe. Wakakikamilisha, wakakifungulia umma kwa jina la Slack mwezi Februari 2014, na mwaka 2021 kampuni ya Salesforce ikainunua Slack kwa kiasi cha dola bilioni 27.7. Hata alama ya # inayotangulia majina ya chaneli zake, yaani vyumba vyake vya mazungumzo, ni urithi wa zamani zaidi, kwani ilitumika hivyo hivyo katika IRC, mfumo wa mazungumzo uliobuniwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwaka 1988.

Anayeifungua Slack kwenye kompyuta leo, kwa mpangilio ulioletwa mwaka 2023, hukuta ukingoni kabisa upau mwembamba wenye aikoni chache: ya mwanzo, ya ujumbe wa faragha, ya shughuli zinazomhusu, na ya mambo aliyoyaweka akiba ayashughulikie baadaye. Ubavuni mwa upau huo ndipo ilipo safu ndefu ya chaneli na ya watu, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Maana aikoni za ukingoni mtu huzizoea upesi, lakini safu hurefuka kila mradi mpya unapozaliwa, na mfanyakazi aliyeanza na chaneli tano hujikuta baada ya muda ana sitini, zilizopangwa kwa utaratibu ambao hakuuchagua.

Hebu tutazame kinachotendeka jicho linapoishukia safu hiyo. Mwaka 2007 watafiti Andy Cockburn, Carl Gutwin na Saul Greenberg waliandika kanuni ya kuukadiria muda ambao mtu huuchukua kuteua jambo moja katika menyu, na ndani yake wakawatenganisha watu wawili: mgeni, ambaye hana budi kusoma jina baada ya jina mpaka alifikie alitakalo, na mzoefu, ambaye hatafuti tena bali huamua tu miongoni mwa mahali anapopajua. Kwa mgeni, orodha ikiongezwa kutoka majina manane hadi kumi na sita, muda wa kutafuta nao hukaribia kuwa maradufu. Kwa mzoefu, nyongeza hiyo hiyo humzidishia hatua moja ndogo ya uamuzi, kiasi ambacho mwenyewe hakihisi. Basi tofauti baina ya wawili hawa haiko katika akili wala katika umri wao. Iko katika kwamba mmoja anapajua mahali, kama mwenye duka anyooshavyo mkono kwenye rafu ya nyuma usiku taa zimezimika akatoa kile kile alichoombwa, na mwenziwe hapajui.

Na mahali hapajuliki ikiwa vitu havitulii. Microsoft iliwahi kulijaribu jambo la kinyume katika Office 2000, pale menyu zilipofanywa zijifupishe zenyewe, zikiyaficha maneno yasiyotumika sana na kuyatanguliza yatumikayo. Nia ilikuwa njema, lakini lile lililokuwapo jana leo halikuonekana, na mbinu hiyo iliachwa katika Office ya mwaka 2007. Leah Findlater na Joanna McGrenere, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilipima jambo hili kwa watu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004: menyu isiyobadilika iliwapa watumiaji kasi kubwa kuliko ile iliyojibadilisha yenyewe, na menyu ambayo mtumiaji aliipanga kwa mkono wake mwenyewe, akishaonyeshwa namna ya kufanya hivyo, ndiyo iliyopendwa na walio wengi. Mimi katika matokeo hayo naona fundisho kubwa kuliko yote yahusuyo uso wa kwanza wa programu: mpangilio mzuri ni ule uliowekwa na mwenyewe, kisha ukaachwa utulie.

Slack humpa mtumiaji uhuru wa kuzipanga chaneli zake kwa alfabeti au kwa zile zilizozungumza karibuni, na wengi huuona utaratibu wa pili kuwa wa kisasa na wa busara, kwani habari mpya hupanda juu zenyewe. Nashauri kinyume chake. Utaratibu wa mambo mapya humfanya mtu awe mgeni kila saa, maadamu orodha hujipindua kila ujumbe unapoingia. Ule wa alfabeti, japo haupendezi, huliachia kila jina jirani zake wale wale. Bora zaidi, akiruhusiwa na aina ya akaunti ambayo ofisi imeilipia, ni kujifanyia sehemu zake mwenyewe za kukusanyia chaneli, tatu au nne tu, azipe majina yanayotokana na kazi yake na si na majina ya idara: kwa mhasibu, mathalani, moja iwe ya malipo yanayongoja idhini, nyingine ya ukaguzi, na ya tatu ya matangazo ya ofisi nzima. Sehemu zikizidi hapo, sehemu zenyewe hugeuka orodha ya kutafutwa. Na asifanye haya siku ya kwanza, kwa kuwa bado hajaijua sura ya kazi yake. Angoje wiki moja au mbili, aone ni chaneli zipi anazirejea bila kuamriwa, ndipo apange.

Sasa niseme juu ya wekundu. Chaneli yenye ujumbe usiosomwa huandikwa kwa herufi nzito, na yule aliyetajwa kwa jina huwekewa tarakimu ndani ya alama nyekundu. Alama hii si pambo, bali imejengwa juu ya kanuni ya jicho iliyoelezwa mwaka 1980 na watafiti Anne Treisman na Garry Gelade, kwamba kitu kinachotofautiana na vyote vinavyokizunguka kwa sifa moja, kama vile rangi, hujitokeza chenyewe machoni, viwe vitu kumi au viwe mia. Lakini fadhila hiyo ina sharti lake, nalo ni upweke wa kitu hicho. Penye alama nyekundu kumi na mbili hakuna hata moja inayojitokeza, na mfanyakazi hulazimika kuzipitia moja moja kama mgeni apitiavyo majina. Fauka ya hayo, moyo hubaki na hisia ya deni lisilolipika, na nimewaona watu wema na hodari wakifunga kompyuta jioni wakiwa wamehuzunika, si kwa kazi waliyoshindwa bali kwa tarakimu ambazo hazikwisha. Kwa hiyo kunyamazisha chaneli si utovu wa adabu kwa wenzio. Chaneli iliyonyamazishwa hufifia rangi, haipigi kelele wala kunenepesha herufi zake, lakini ukitajwa kwa jina ndani yake bado alama hukufikia; ni haki ya kila mfanyakazi kuufanya wekundu umaanishe jambo, na ofisi inayomlaumu kwa hilo haijaelewa chombo inachokitumia.

Juu ya ukubwa wa vitu vya uso huu na masafa ya kuvifikia, Paul Fitts wa Marekani alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kuifikia shabaha kwa mkono hutegemea umbali wake na upana wake. Ndiyo maana kilichowekwa ukingoni mwa kioo cha kompyuta hufikiwa upesi, kwa kuwa kishale kikifika hapo hakiwezi kupita, na ndiyo maana kwenye simu zile aikoni kuu zimeshushwa chini, penye ujirani wa kidole gumba. Sehemu alizozipanga mtu kwenye kompyuta humfuata hadi kwenye simu yake kwa utaratibu ule ule, hivyo hana haja ya kujifunza mahali mara mbili. Na ile chaneli anayoihitaji mara moja kwa miezi mitatu haistahili nafasi yoyote machoni pake: abonyeze Ctrl pamoja na K, aandike herufi mbili tatu za jina la chaneli hiyo, nayo itakuja.

Katika ofisi nyingi mgeni hufundishwa programu hizi kwa kuonyeshwa kila kitufe na kazi yake, kuanzia juu hadi chini, na mkufunzi ndiye ashikaye kipanya. Njia hiyo naipinga kwa moyo wote, na hasa kwa wale waliofanya kazi miaka mingi kwa majalada ya karatasi, ambao hutoka hapo wakijiona wazito ilhali hawakupewa fursa ya kujenga kumbukumbu ya mahali popote. Mkufunzi amwachie mwanafunzi kipanya, ampe kazi tatu za kweli, amtafute bosi wake, aisome ratiba ya wiki, aijibu hoja moja iliyoulizwa kwa jina lake, na kesho yake ampe zile zile tatu tena katika uso usioguswa na mtu mwingine. Na siku mwanafunzi atakapotaka kuihamisha chaneli fulani ipande juu ya nyingine, mkufunzi amwonyeshe namna ya kuiburuta, asimchagulie pa kuiweka.