Buti ya CV Ikipasuka, Usingoje Gurudumu Lianze Kulia
Ukiona grisi nyeusi imerukaruka ndani ya rimu, jua buti ya CV imepasuka. Ni raba tu, lakini ndiyo huzuia grisi isitoke na mchanga usiingie kwenye jointi. Ukikata kona usikie ka-ka-ka, umechelewa. Buti mpya haiponyi jointi iliyolika, na hapo bei ni nyingine kabisa.

Jumamosi moja tulibadilisha ya Probox ya mwenzetu, nyumbani kwake. Nati ya ekseli tuliilegeza gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake, ndipo tukaliinua na kuweka stendi (jeki peke yake usiiamini hata kidogo). Tukachomoa shafti, tukapangusa grisi yote kuukuu.

Kumbe shida ilikuwa buti yenyewe. Muuzaji wa spea alituambia kwa simu, "Hii inaingia Probox zote." Tukamtumia pesa kwa namba yake binafsi, mtu wa boda akaleta buti yenye mdomo mdogo kuliko jointi. Tukapiga simu, haishikwi. Ujumbe wa malipo tulikuwa nao, ila jina lilikuwa la mtu, si la duka.

Jumatatu tulienda wenyewe Kirinyaga Road, buti ya zamani mkononi. Tukapima kwanza, tukaomba nambari ya till, tukasoma jina kwenye simu. Lilifanana na lililo juu ya mlango. Ndipo tukalipa.