Mabao Matano ya Oleg Salenko

Kila fainali za Kombe la Dunia zinapowadia, jina la Oleg Salenko hufufuliwa na watangazaji, likatajwa kwa dakika moja, kisha likazikwa kwa miaka minne mingine. Wengi wao husema Mrusi huyo alibahatisha. Hapo ndipo nisipokubaliana nao.

Mnamo Juni 28, 1994, katika uwanja wa Stanford, California, Urusi iliicharaza Kameruni mabao 6-1. Salenko alifunga matano: matatu kabla ya mapumziko, moja likiwa la penalti, na mawili katika kipindi cha pili. Kabla yake hapakuwa na mchezaji aliyewahi kutikisa wavu mara tano katika mechi moja ya fainali hizo, na hadi zile za 2022 hakuna aliyemfikia.

Ni kweli Simba wale walikuwa wamekwisha kung'oka meno. Kambi yao ilivurugwa na mizozo ya marupurupu, na kipa Joseph-Antoine Bell hakuwa langoni. Sisi Waafrika tulijiliwaza kwa bao la Roger Milla, mzee wa miaka 42. Lakini je, mwalimu humnyima mwanafunzi alama zake kwa kuwa mtihani ulikuwa rahisi? Warusi wengine waliliona lango lile lile; ni Dmitri Radchenko peke yake aliyepata bao.

Isitoshe, Salenko hakuchipuka siku ile kama uyoga. Mwaka 1989, nchini Saudi Arabia, aliibuka mfungaji bora wa Kombe la Dunia la vijana. Msimu wa 1993/94 alifunga mabao 16 katika ligi kuu ya Uhispania akiwa na Logroñés, klabu ndogo isiyo na makuu. Mzaliwa huyu wa Leningrad alikuwa Dynamo Kiev wakati Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991. Aprili 1992 akaichezea Ukraine mechi moja dhidi ya Hungaria, kisha akavaa jezi ya Urusi.

Urusi iliondolewa katika hatua ya makundi, lakini mabao yake sita yalimpa Kiatu cha Dhahabu pamoja na Hristo Stoichkov wa Bulgaria. Stoichkov alitawazwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka huo huo. Salenko naye hakuitwa tena na taifa lake. Kocha Pavel Sadyrin alikuwa ameondoka, na mrithi wake, Oleg Romantsev, alikuwa na vijana wake.

Kilichofuata ni kuhamahama. Valencia mwaka 1994, Rangers ya Uskoti mwaka 1995, na miezi michache baadaye akapelekwa Istanbulspor ya Uturuki kwa kubadilishana na Peter van Vossen. Huko goti likamsaliti. Akajaribu Córdoba, akajaribu Pogoń Szczecin ya Poland, goti likakataa. Mechi zake kwa Urusi zilibaki nane, na mabao sita, yote ya Marekani.