Huhitaji viza, lakini tiketi ya kurudi iko wapi?

MKENYA anayekwenda Afrika Kusini kwa matembezi au shughuli fupi ya kibiashara hahitaji tena viza. Mlango huo ulifunguliwa Januari 1, 2023, baada ya Rais William Ruto na mwenzake Cyril Ramaphosa kuafikiana jijini Nairobi mnamo Novemba 2022. Mwenye pasipoti ya Kenya sasa huweza kukaa huko siku zisizozidi 90 kwa mwaka.

Hata hivyo, abiria anaweza kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta akiwa na pasipoti halali, pesa mfukoni na mizigo iliyofungwa barabara, na bado akaachwa na ndege. Kisa ni kwamba amekata tiketi ya kwenda tu.

Kuondolewa kwa viza si sawa na kupewa kibali cha kuingia. Viza ni uchunguzi unaofanywa mapema ubalozini. Inapofutwa, uchunguzi huo hauishi, bali huhamia uwanjani. Swali ambalo mgeni angeulizwa wiki kadhaa kabla ya safari, yaani ataondoka lini na kwa njia gani, sasa anaulizwa mbele ya mizani ya mizigo.

Na anayeuliza kwanza si afisa wa uhamiaji kule Johannesburg, bali karani wa shirika la ndege papa hapa Nairobi. Wengi humwona kuwa mtu wa kujitia makuu. Ukweli ni kwamba analinda mfuko wa mwajiri wake. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa usafiri wa ndege wa kimataifa, una Kiambatisho cha 9 kinachoyataka mashirika kuhakikisha kuwa abiria wana hati zinazohitajika kabla ya kupanda. Abiria akikataliwa aendako, shirika lililombeba ndilo hutakiwa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini juu ya hayo. Ndiyo maana karani hutazama Timatic, mfumo wa kompyuta wa chama cha mashirika ya ndege, IATA, wenye masharti ya kila nchi. Ukisema tiketi ya kurudi yahitajika, machozi ya msafiri hayabadilishi neno.

Afrika Kusini haiko peke yake. Ufilipino, ambako Wakenya huruhusiwa kukaa siku 30 bila viza, pia hudai tiketi ya kurudi au ya kuendelea hadi nchi nyingine. Marekani ni kali zaidi kwa raia wa mataifa iliyoyaondolea viza, ambayo Kenya si mojawapo: tiketi inayokomea Kanada, Mexico au visiwa vya karibu haihesabiwi, isipokuwa kwa mkazi wa huko.

Wanaoumia zaidi ni wachuuzi. Mfanyabiashara wa Gikomba anaweza kunuia kwenda Johannesburg kwa ndege na kurudi na bidhaa zake kwa basi, kupitia Zimbabwe, Zambia na Tanzania. Nia yake si kosa, ila ushahidi ndio tabu. Tiketi ya basi, hata iliyolipiwa, huenda karani asiweze kuithibitisha kwenye kompyuta yake, akaikataa. Afadhali aliulize shirika la ndege mapema, na jibu alipate kwa maandishi.

Wako wanaokimbilia karatasi za kughushi. Hiyo ni hatari bure, kwa kuwa nambari ya tiketi huingizwa kwenye mtambo na uongo hudhihirika papo hapo. Nafasi iliyohifadhiwa bila kulipiwa nayo hufutwa muda wake ukipita, pengine usiku wa kuamkia safari. Asiyejua siku ya kurudi ni heri anunue tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, au ya kurejeshewa pesa, ijapokuwa bei yake huwa juu na fedha huenda zikachukua wiki kadhaa kurudi.

Kwa safari ya Afrika Kusini, pasipoti nayo iwe halali kwa angalau siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka huko na iwe na kurasa mbili tupu. Msafiri anayetoka Kenya abebe pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho ni cha kushughulikia mapema, kwani huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano.