Mafuta ya Nini? Lugha ya Kutunza Gari Kuukuu

Sisi tunaopanda mabasi madogo kutoka Ruziba kwenda katikati ya Bujumbura tunajua kwamba mengi yaliletwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Wenye magari huyatengeneza wenyewe kadiri wawezavyo. Yanayowashinda huyapeleka Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa mafundi wake na kwa Kiswahili chake. Makala haya yanaeleza jambo moja tu: katika kazi hiyo, neno pungufu linaweza kuleta ajali.

Tuchukue neno "mafuta". Ukimwambia kijana "ongeza mafuta", anaweza kuelewa vitu vitatu: mafuta ya kuendeshea gari, yaani petroli (esansi) au dizeli (mazutu), mafuta ya injini, yaani oili, au mafuta ya breki. Hayo ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi. Ndani ya mfumo wa breki mna raba zinazozuia uvujaji, nazo zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki tu. Zikiguswa na oili, huvimba na kulainika, na breki hukwama au hushindwa kabisa.

Aidha, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Gari likiteremka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kwenye mita 770 hivi, breki hupata moto sana. Unyevu ule huchemka, ukawa mvuke, na pedali ikazama bila gari kusimama. Ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hivi, na chupa yake ifungwe vizuri daima.

"Maji" nayo yana mkasa huohuo. Maji ya rejeta huongezwa injini ikiwa imepoa; kifuniko kikifunguliwa kingali moto, mvuke humuunguza mtu uso. Maji ya betri si ya bomba wala ya ziwani, kwa kuwa madini yaliyomo huharibu sahani za risasi. Hutumika yale maalumu yanayouzwa kwa kazi hiyo.

Mwanafunzi ataona hapa kazi ya A-unganifu. "Mafuta" na "maji" ni nomino za jumla. Ni "ya breki" au "ya betri" inayotaja kitu chenyewe.

Walimu pia tusidharau msamiati wa hapa. Feri, moteri na buji zimetokana na Kifaransa. Breki, injini na plagi zimetokana na Kiingereza. Dereva anayefuata barabara ya ziwa kupitia Ruziba na Rumonge, kisha akavuka mpaka hadi Kigoma, anahitaji maneno ya pande zote mbili.

Zoezi: wanafunzi wawili waigize dereva na fundi. Kila litajwapo "mafuta" au "maji" pekee, darasa zima liulize: "Ya nini?"