Nukta Ndogo, Amana Kubwa

Kila aliyekalia jamvi la chuoni akijua kituo cha Yasini. Ni katika aya ya 76, pale Mtume anapoambiwa asihuzunishwe na kauli ya wapinzani wake. Juu ya neno hilo la kauli pameandikwa mimu ndogo, na maana yake ni kuwa hapana budi kusimama. Usiposimama, maneno yanayofuata, ambayo ni ya Mwenyezi Mungu mwenyewe kuwa anayajua ya siri na ya dhahiri, yataingia vinywani mwa wapinzani wale kana kwamba wao ndio waliosema. Mimi nilikivuka kituo hicho nikiwa mtoto wa miaka minane, na mwalimu wangu hakunipiga. Aliniambia tu, "Umeyachukua maneno ya mwenyewe, ukampa asiyekuwa wake." Lau ingekuwa bakora, uchungu wake ungekwisha siku ile ile. Neno lile halijanitoka hadi leo.

Nimelikumbuka hivi juzi, binti wa ndugu yangu aliponiletea tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya tenzi na mashairi ya Lamu na Mombasa. Mwishoni pana orodha ya marejeleo, kurasa kumi na moja.

"Ami," akaniambia, "hapo usijisumbue. Hiyo imepangwa na kompyuta. Mimi hujaza jina la mwandishi, anwani na mwaka, nayo hutia nukta, mkato na alama za usemi yenyewe."

Ni kweli, wala si jambo la jana. Programu iitwayo BibTeX, iliyoandikwa na Oren Patashnik, ipo tangu mwaka 1985. Na Zotero, ambayo wanafunzi wengi waijua, ilizinduliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Kazi ambayo zamani ilimkesha mtu wiki nzima sasa yafanywa kwa kupepesa jicho. Siibezi. Lakini nilishika kalamu nyekundu, na kabla ya adhana ya alasiri kurasa zile zilikuwa zimetapakaa wekundu.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi. Anwani iliyokwisha kwa kiulizi ilifuatwa na nukta isiyokuwa na kazi, na nyingine zilikuwa na nukta mbili zikifuatana, kwa kuwa binti alitia yake na mashine ikaongeza yake. Dawa ya hizi za pili ni kutoandika nukta mwishoni mwa anwani wakati wa kuijaza, mashine itaitia. Ile ya kiulizi yataka jicho la mtu.

La pili ni la mkato. Wamarekani huutia mkato na nukta ndani ya alama za usemi; Waingereza aghalabu huuacha nje, isipokuwa uwe ni sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Orodha hii ilikuwa na mitindo yote miwili, kwani marejeleo mengine aliyanakili kutoka orodha za watu akayabandika. Yataka mtu achague mtindo mmoja, auweke katika programu, na kila kitabu akijaze upya kwa utaratibu huo.

La tatu liliniuma zaidi. Mtunzi wa Al-Inkishafi ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na majina Abdalla na Ali yote mawili huanza kwa ain. Wataalamu wakiyaandika kwa herufi za Kirumi huiashiria ain kwa kialama kinachofanana na ritifaa iliyogeuzwa. Mwanafunzi, kwa kuwa haioni ain katika vitufe vyake, hubonyeza ritifaa ya kawaida. Basi mashine ikiikuta mwanzo wa neno hudhani kuna usemi unaofunguliwa. Ikiikuta katikati, kama katika jina Sa'id, huigeuzia upande wa pili, na umbo hilo ndilo la hamza. Al-Khalil bin Ahmad, yule bingwa wa lugha wa karne ya 8, aliichora alama ya hamza kutokana na kichwa cha ain, lakini hakusema kuwa ni herufi moja. Ain na hamza zina alama zao wenyewe katika Unicode, nambari 02BF na 02BE. Ukizitumia hizo, mashine haizidhani tena kuwa ni alama za usemi.

La nne ndilo lililonirudisha Yasini. Tuseme mtafiti ameandika makala akayaita "'Bahari haina njia': Safari katika Mashairi ya Lamu". Maneno matatu ya mwanzo ni ya mshairi. Yaliyobaki ni ya mtafiti. Kwa hiyo alama za nje huwa jozi na za ndani huwa moja moja, ili msomaji ajue kila mmoja mpaka wake. Katika orodha ya binti, makala ya namna hii yalikuwa na alama za umbo moja ndani na nje, ukadhani anwani imekwisha penye neno la tatu. Na mengine yalikuwa hayana alama za ndani kabisa. Hapo mshairi alikuwa ameshapokonywa, na maneno yake yamekuwa mali ya mtafiti.

Wanazuoni wetu wa kale hawakuwa na alama hizi. Waliandika "qala", yaani amesema, na walipofika mwisho wa kauli ya mtu wakaandika "intaha", imekwisha, au wakaifupisha kwa alifu na he. Walichelea wasije wakachanganya maneno ya watu. Mashine yafuata kanuni, na kanuni ni njema, lakini haimjui nani alisema nini. Ijapokuwa nukta yatiwa na mashine, amana ni ya mwandishi.

"Lakini ami," binti akalalamika, "wiki iliyopita nilisahihisha orodha nzima. Nilipoifungua tena, makosa yote yamerudi!"

Nikamwambia, "Mwanangu, ulisahihisha kivuli." Orodha huzaliwa upya kila mara kutokana na kumbukumbu alizojaza mwenyewe, asiyeisahihisha kumbukumbu atapigana na orodha milele.

Akaifungua kompyuta palepale barazani, akaanza na kumbukumbu ya kwanza. Magharibi ilitukuta tumefika yale makala ya mshairi. Akatia alama za ndani, akatia za nje, kisha akaisoma anwani kwa sauti. Penye mwisho wa maneno ya mshairi, akasimama.