FEDHA ZA SHULE ZILIPOTELEA NJIANI



Tangu mwaka 2008 wengi wetu hukatwa kwenye mshahara kodi ya huduma za serikali za mitaa, kuanzia Julai mpaka Oktoba. Fedha hizo ni jasho letu. Basi tuna haki ya kujua viongozi wanazisimamia namna gani. Tutazame mfano mmoja wa hapa hapa Uganda.

Kati ya mwaka 1991 na 1995, Serikali ilitoa ruzuku kwa kila mtoto wa shule ya msingi, ili shule zinunue vitabu, chaki na mahitaji mengine. Ruzuku hiyo ilipitia ofisi za wilaya. Mwaka 1996 wachunguzi walikwenda katika shule 250, wakalinganisha hesabu za Serikali na daftari za shule. Walikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha iliyofika. Katika kila shilingi 100, shilingi 87 zilipotelea njiani. Shule nyingi hazikupata hata senti moja.

Kwa nini? Mishahara ya walimu ilifika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mwalimu anajua mshahara wake, na asipoupata hanyamazi. Lakini ruzuku haikuwa na mdai. Mzazi hakujua kama ipo, akaendelea kuchangia kutoka mfukoni. Tena shule za wazazi wenye uwezo zilipata zaidi kuliko za maskini, maana wao walijua kudai.

Ndipo Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zinazopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao mahali pa wazi. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Matangazo peke yake hayakufanya kazi yote. Serikali nayo ilikaza usimamizi wa fedha miaka hiyo. Lakini mwenye kujua kiasi kilichotumwa ndiye awezaye kuuliza kimekwenda wapi.

Tumwulize nani? Kwa sheria ya mwaka 1997, mwenyekiti wa wilaya na madiwani huchaguliwa kwa kura, na baraza lao ndilo hupitisha bajeti. Ofisa tawala mkuu wa wilaya ndiye anayejibu juu ya matumizi ya fedha.

Kwa hiyo kila tawi, kiwandani na shambani, lichague wajumbe wawili wa kwenda shuleni na kwenye zahanati kusoma hesabu zilizobandikwa. Waulize mambo matatu: zimetumwa shilingi ngapi, lini, na zimenunua nini? Majibu yasomwe katika mkutano wa tawi.

Na chama chetu kisijitoe. Hesabu za michango yetu nazo zibandikwe penye ubao wa matangazo, kila mwanachama azisome.